Muuguzi Anapoomba Karo ya Udaktari: Somo kwa Kamati za Parokia



Somo la robo hii linahusu barua ambayo kamati nyingi zimekwisha kuipokea, au zitaipokea. Muuguzi aliyelelewa parokiani, ambaye sasa yuko Marekani au anajiandaa kwenda huko, anaomba mchango wa karo. Anaeleza kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ya uuguzi, mchepuo wa afya ya akili, na kwamba akimaliza atarudi kuwahudumia wagonjwa wa akili. Barua ina muhuri wa chuo na sahihi ya paroko. Kamati inaguswa, kwa sababu hakuna jumuiya ndogo ndogo isiyojua nyumba ambamo mgonjwa wa akili amefungiwa chumba cha uani. Tatizo ni kwamba fedha zinaombwa kwa kitu ambacho wengi wetu hatujaelezwa ni nini. Tumeona ni vema tukieleze kabla hatujasema lolote kuhusu kuchangia.

Muuguzi-tabibu ni nani

Marekani ipo ngazi ya uuguzi ambayo hapa tutaiita muuguzi-tabibu, kwa kuwa kazi yake inafanana na ile tuliyozoea kuiona ikifanywa na tabibu kwenye kituo cha afya: kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Ngazi hiyo ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanza kuwafunza wauguzi kuhudumia watoto katika maeneo yenye uhaba wa madaktari. Kwa upande wa afya ya akili, muuguzi Hildegard Peplau alikuwa ametangulia. Mwaka 1952 alitoa kitabu kilichotetea kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe, na mwaka 1954 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, mafunzo ya uzamili ya kuwaandaa wauguzi bingwa wa magonjwa ya akili. Muuguzi-tabibu wa afya ya akili wa leo amerithi pande zote mbili. Anatakiwa ajue kuketi na mgonjwa na kumsikiliza kwa utaratibu wa tiba ya mazungumzo, na ajue pia kuandika dawa na kuzifuatilia, kuanzia kwa watoto hadi wazee.

Sababu ya ngazi hii kukua tunaielewa vizuri sisi wa huku. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili hawatoshi, na hata Marekani ziko wilaya nyingi za vijijini zisizo na hata mmoja. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya majimbo yao yanamruhusu muuguzi-tabibu kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari. Majimbo mengine bado yanadai awe na makubaliano na daktari. Mtu mmoja, mwenye cheti kilekile, akihamia jimbo jirani anaweza kukuta mamlaka yake yamepungua. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia tutakapofika kwenye suala la kurudi nyumbani.

Udaktari ulivyoingia

Kwa miaka mingi njia ya kuwa muuguzi-tabibu ilikuwa shahada ya uzamili. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kentucky kilipokea wanafunzi wa kwanza wa shahada ya uzamivu ya utendaji wa uuguzi, inayojulikana kwa herufi DNP. Mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya Marekani ukapitisha azimio kwamba ifikapo mwaka 2015 wauguzi wote wa ngazi ya juu waandaliwe kwa shahada hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba huduma za afya zimekuwa ngumu zaidi, kwamba masomo ya uzamili yalikuwa yamejazwa saa nyingi kupita kiasi, na kwamba wafamasia na watalaamu wa tiba ya viungo walikuwa wameelekea kwenye udaktari. Waliopinga walisema gharama itapanda na wauguzi watachelewa kuwafikia wagonjwa.

Mwaka 2015 ulifika, azimio halijatimia. Mwaka 2018 umoja wa walimu wa wauguzi-tabibu ukaweka lengo jipya, mwaka 2025. Huo nao umefika, na bado mtu anaweza kuingia katika kazi hii akiwa na shahada ya uzamili. Wauguzi wa usingizi na ganzi ndio walioibana njia yao kweli: kuanzia Januari 2022 kila anayeanza mafunzo hayo ni lazima amalize kwa shahada ya uzamivu. Kwa muuguzi-tabibu wa afya ya akili hali si hiyo. Mwenye uzamili na mwenye uzamivu wanafanya mtihani uleule wa taifa, wanaomba leseni ileile ya jimbo, na wanaandika dawa zilezile.

Je, uzamivu huo unaongeza nini? Unaongeza mambo ya maana, lakini ya namna nyingine. Mwanafunzi anajifunza kusoma takwimu za huduma nzima, kuongoza mabadiliko katika hospitali, kupima kama mabadiliko hayo yamesaidia, na kuzungumza na watunga sera. Mwishoni anafanya mradi: kwa mfano, kutafuta kwa nini wagonjwa walioruhusiwa kutoka wodini hawarudi kliniki, kujaribu njia ya kuwarudisha, na kuonyesha matokeo. Tusiichanganye shahada hii na ile ya falsafa, PhD, ambayo humwandaa mtafiti. Kwa kifupi, uzamivu wa utendaji unamwandaa mtu wa kurekebisha huduma. Kumtibu mgonjwa mmoja aliye mbele yake alipaswa kukujua kwa vyovyote, awe na udaktari au asiwe nao.

(Hapa kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari tangu zamani, hivyo cheo hakitamshtua mtu kijijini. Lakini mgonjwa ana haki ya kujua kama anayemhudumia ni muuguzi au ni daktari wa tiba, na muuguzi mwenye shahada hiyo ndiye anayepaswa kumwambia.)

Saa za vitendo ndizo zinazomfanya tabibu

Miongozo ya shahada hii iliyotolewa mwaka 2006 ilidai saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kwa vitendo baada ya shahada ya kwanza. Mwaka 2022 viwango vya kitaifa vya mafunzo ya wauguzi-tabibu viliweka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Tunaomba kamati zizisome namba hizi kwa makini kuliko jina la shahada.

Tutoe mfano mmoja. Mgonjwa ameanzishiwa haloperidoli. Siku chache baadaye ndugu wanamrudisha: hatulii, anasimama, anakaa, anazunguka uani, usiku halali. Wanasema ugonjwa umepanda. Muuguzi asiye na uzoefu anaongeza dozi, na kesho yake hali ni mbaya zaidi. Aliyekwisha kuona wagonjwa wa namna hiyo huku msimamizi akiwa pembeni anamgeukia mgonjwa mwenyewe na kumuuliza, "Kinachokusukuma ni mawazo au ni miguu?" Mara nyingi jibu ni miguu. Dawa yenyewe ndiyo inayomnyima utulivu, na njia ni kuipunguza au kuibadilisha. Jambo hilo limeandikwa vitabuni, na darasani hufundishwa kwa dakika chache. Mtu hulijua kweli pale anapomwona mgonjwa wa nne au wa tano, na mwenye kujua yupo wa kumshika mkono kabla hajaandika dozi.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mafunzo haya huko Marekani. Vyuo vingi sasa vinafundisha kwa njia ya intaneti, na baadhi vinamwachia mwanafunzi ajitafutie mwenyewe msimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Wasimamizi ni wachache. Wapo wanafunzi wanaosimamisha masomo kwa kukosa msimamizi, na wapo wanaolipa fedha za ziada ili wapatiwe. Mwombaji anayeandika kwamba karo imekamilika lakini hasemi atafanyia wapi saa zake hajaeleza nusu muhimu ya masomo yake.

Aidha, kwa aliye bado nyumbani kuna milima ya kupanda kabla ya chuo. Vyeti vyake vikaguliwe, afaulu mtihani wa usajili wa wauguzi wa Marekani uitwao NCLEX, apate leseni ya jimbo, na awe na shahada ya kwanza. Viza ya mwanafunzi nayo haitolewi kwa masomo yanayofanyika yote kwa intaneti. Kwa kawaida ni somo moja tu la namna hiyo kwa muhula linalohesabiwa katika mzigo wa lazima wa masomo yake. Kwa hiyo tangazo la "udaktari nyumbani kwako" linamfaa muuguzi aliyekwisha kupata leseni na makazi huko, halimfai aliyeko Mbulu au Machakos.

Akirudi

Tulisema leseni ya jimbo moja haimpi muuguzi mamlaka yaleyale katika jimbo jirani. Haiwezi basi kumpa mamlaka Dodoma. Akirudi Tanzania atapaswa kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na akirudi Kenya na Baraza la Wauguzi la huko, na mipaka ya kazi yake itawekwa na sheria za hapa. Hawezi pia kubaki Texas akawaandikia dawa wagonjwa wa parokia kwa simu kwa kutumia leseni ya Texas. Kamati idai mwombaji aonyeshe majibu ya maandishi kutoka baraza linalohusika, yanayosema atasajiliwa katika ngazi gani.

Kuna pia suala la vifaa. Mafunzo ya Marekani humzoesha mtu kutumia dawa kama lithiamu, inayohitaji kupima kiasi chake kwenye damu mara kwa mara, au klozapini, inayohitaji kuhesabu chembechembe nyeupe. Kwenye zahanati isiyo na maabara ya kufanya hivyo, ujuzi huo unabaki mfukoni. Dawa zinazotegemewa huku ni chache na za zamani, na mgonjwa mkubwa wa kliniki ya akili mara nyingi ni mwenye kifafa, ambaye huko Marekani angepelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Huku kwetu nako si jangwa. Tanzania ilianza mapema miaka ya 1980, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kujaribu kuingiza huduma za afya ya akili katika vituo vya kawaida badala ya kuziachia hospitali kubwa kama Mirembe, iliyojengwa Dodoma mwaka 1927. Lutindi, milimani Usambara, wenzetu Walutheri wamewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia moja. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa uzamili wa uuguzi wa afya ya akili. Kenya ina stashahada ya juu ya fani hiyo katika vyuo vya KMTC. Uganda, kupitia Butabika, iliwaandaa matabibu wa magonjwa ya akili wanaoandika dawa wilayani, na hilo ndilo jibu la Afrika Mashariki kwa swali lilelile la Colorado.

Msimamo wetu kuhusu fedha

Karo ya shahada ya uzamivu Marekani huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Sisi tunaona kwamba fedha za parokia zisitumike kulipia udaktari wa mtu ambaye nia yake ni kutibu wagonjwa. Kwa nia hiyo, uzamili unatosha, na stashahada ya hapa nyumbani yenye msimamizi mzuri inaweza kufaa zaidi. Tunajua wapo wafadhili watakaoona tunawakatisha tamaa vijana wetu. Lakini mgonjwa anayechomwa sindano kila mwezi huugua tena pale sindano inapokosekana au muuguzi aliyejua kuichoma anapohamishwa, na pengo hilo halizibwi na shahada iliyoko ng'ambo.

Tunaona nafasi mbili ambapo ombi linastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni ya muuguzi ambaye chuo au hospitali ya hapa imeandika kwamba inamngoja afundishe au aongoze huduma. Huyo uzamivu unamfaa, na mradi wake wa mwisho unaweza hata kufanyiwa kazi kuhusu tatizo la jimbo letu, chuo kikikubali. Ya pili ni ya muuguzi aliyeko Marekani tayari. Huyu kwanza aulize mwajiri wake, kwa kuwa hospitali nyingi huko huchangia masomo ya watumishi wao. Yeye ndiye tunayemwomba zaidi kuliko anavyotuomba: saa moja kwa wiki, kwa simu, ya kujadili wagonjwa wagumu na wauguzi wa zahanati zetu, bila kutaja majina ya wagonjwa na bila kuandika dawa. Huko ni kufundisha, na dawa ataiandika mwenye leseni ya hapa.

Kamati itakayokaa na barua ya namna hii ianze kwa kumuuliza mwombaji mambo manne: atafanyia wapi saa zake za vitendo na nani atamsimamia, kwa nini uzamili haumtoshi, baraza la uuguzi limemjibu nini, na nani amemwandikia kwamba anamngoja. Majibu yaje kwa maandishi, na yasomwe kikaoni mbele ya muuguzi wa zahanati ya parokia, ambaye ndiye anayewajua wagonjwa hao kwa majina.