Jinsi Ramani za Kompyuta Zinavyofuatilia Safari za Meli

Zamani mtu aliyetaka kujua kama meli inakaribia bandari alipanda mahali pa juu na kutazama upeo wa bahari. Siku hizi mwanafunzi aliyeketi Dodoma, mbali sana na pwani, aweza kufungua ramani katika kompyuta au simu na kuziona alama ndogo za meli zikisogea nje ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Kila alama huonyesha jina la meli, mwendo wake na upande inakoelekea. Jambo hili laweza kumfanya mtu adhani kwamba ramani ina macho. Sivyo. Ramani hiyo hukusanya habari ambazo meli zenyewe zinatangaza. Asiyeifahamu tofauti hiyo aweza kuhatarisha maisha ya watu baharini.

MELI HUJITANGAZA

Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini unazitaka meli za tani jumla 300 na zaidi, zisafirizo kati ya nchi na nchi, ziwe na chombo cha kujitambulisha. Sharti hilo lilikamilika kwa meli hizo mwishoni mwa mwaka 2004, na mfumo wenyewe hujulikana kwa herufi AIS. Chombo hicho hupata vipimo vya mahali meli ilipo kutoka kwenye setilaiti za GPS, kisha huvitangaza kwa redio katika masafa mawili: megahezi 161.975 na megahezi 162.025.

Meli iliyotia nanga hutangaza mahali ilipo kila baada ya dakika 3. Ile inayokwenda kwa mwendo usiozidi noti 14 hutangaza kila sekunde 10, na ile izidiyo noti 23 kila sekunde 2. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni mita 1,852. Ili meli nyingi zisitangaze kwa pamoja, kila dakika imegawanywa katika vipande 2,250 kwa kila masafa. Kila chombo hujichagulia kipande kilicho wazi, mfano wa wanafunzi wanaojibu kwa zamu darasani.

Kila tangazo lina namba ya tarakimu 9 ya kuitambulisha meli. Tarakimu 3 za mwanzo huonyesha nchi ambayo meli imeandikishwa: 634 ni Kenya, na 674 na 677 ni Tanzania.

MATANGAZO HUFIKA WAPI?

Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia ni mviringo, hatimaye hupita juu ya upeo na kupotea. Kwa hiyo kimo cha antena ni jambo muhimu. Ili kukadiria umbali kwa maili za baharini, hutafutwa kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa mita. Vipeuo hivyo hujumlishwa, na jibu huzidishwa kwa 2.2. Mathalani, antena ya meli ikiwa na kimo cha mita 25 na mnara wa pwani mita 100:

2.2 × (5 + 10) = maili 33

Mbali zaidi ya hapo, matangazo hupokewa na setilaiti zinazoizunguka dunia. Lakini setilaiti moja husikia eneo kubwa mno, na matangazo ya meli nyingi huweza kugongana na kupotea. Hivyo alama iliyo katikati ya bahari kuu huenda ikaonyesha mahali meli ilipokuwa saa kadhaa zilizopita.

KUUPIMA UKWELI WA RAMANI

Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, takribani. Tuseme meli inakwenda kaskazini katika longitudo 40° Mashariki. Saa 2 asubuhi ilikuwa latitudo 6°30′ Kusini, na saa 4 asubuhi ikawa 6°00′ Kusini. Imekwenda maili 30 kwa saa 2, yaani noti 15. Kama nayo inatangaza noti 15, habari zake zinapatana. Lakini kama alama ingeruka maili hizo 30 kwa dakika 10, huo ungekuwa mwendo wa noti 180, ambao hakuna meli ya mizigo iwezayo kuufikia.

Makosa ya namna hii yamekwisha kutokea. Mwezi Juni 2017, karibu na Novorossiysk katika Bahari Nyeusi, meli kadhaa zilizokuwa majini zilionyeshwa kuwa kwenye uwanja wa ndege nchi kavu, kwa sababu vipokezi vyao vilipotoshwa na mawimbi ya uongo. Tena, habari kama vile bandari iendewayo huandikwa kwa mkono na mabaharia, nao huweza kukosea au kusahau kuzibadilisha.

BAHARI ISIYO NA ALAMA

Kunyamaza kwa chombo kuna sababu nyingi. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa mwaka 2023, ramani zilionyesha meli nyingi za makontena zikiiacha njia ya Mfereji wa Suez na kuizunguka Afrika kwa Rasi ya Tumaini Jema. Kati ya Singapore na Rotterdam, mzunguko huo huongeza zaidi ya maili 3,000; kwa mwendo wa noti 15, ni zaidi ya siku 8. Lakini miongoni mwa meli zilizoendelea kupita katika bahari hiyo, baadhi zilizima vyombo vyao ili zisifuatwe. Zilikuwapo majini, ila katika ramani hazikuwapo.

Wako na wengine ambao hawakuzima chochote, kwani hawana cha kuzima. Ngalawa na mashua nyingi za wavuvi hazina chombo hiki. Usiku, mlango wa bahari kati ya Unguja na bara waweza kuonekana mtupu katika ramani, hali wavuvi wako pale wakivua dagaa kwa taa. Nahodha wa meli kubwa, ambayo haiwezi kusimama ghafla, akiitegemea ramani peke yake atawapitia juu.

Ndiyo maana Kanuni za Kimataifa za mwaka 1972 za Kuzuia Migongano Baharini huutaka kila wakati ulinzi wa macho na masikio katika kila chombo. Ramani ya kompyuta huongeza ujuzi wa baharia. Ulinzi wa zamu unabaki pale pale.

MASWALI

1. Antena ya meli ina kimo cha mita 16 na ya pwani mita 81. Tangazo litafika umbali gani?
2. Meli iko latitudo 5°10′ Kusini saa 6 mchana, ikielekea kusini kwa noti 12. Itafika latitudo 5°58′ Kusini saa ngapi?
3. Eleza sababu tatu zinazoweza kuifanya meli au mashua isionekane katika ramani.