Kila mstari wa wasifu uwe na risiti yake
SOMO LA WIKI: Wanafunzi wa hoteli wa mwaka wa kwanza na soko la ajira

WAFANYABIASHARA wa Turwa, mjini Tarime, hawahitaji kufundishwa kwamba mzigo mzuri uliofungwa vibaya hupata bei mbaya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini mahindi masafi yaliyo ndani ya gunia lililoshonwa hayajiuzi mpaka mtu afungue na kuchota kiganja kimoja cha kuonyesha. Mnunuzi asipoonyeshwa, huenda gunia la jirani.

Wafanyabiashara haohao, hata hivyo, hulipa ada ya watoto wao katika vyuo vya hoteli na utalii bila kuuliza jinsi watoto hao wanavyojitangaza sokoni. Ada hulipwa na sare hununuliwa, kisha kijana huandika wasifu wake, ule ambao vijana huuita "sivii", kwa nusu saa katika duka la steshenari. Karatasi hiyo moja ndiyo kiganja cha mahindi. Ikiwa mbovu, mnunuzi hatajua kilichomo ndani.

Somo la wiki hii linahusu karatasi hiyo. Limeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mzazi anayemlipia, na mwenye nyumba ya kulala wageni ambaye kesho ataombwa nafasi ya mafunzo.

KWA NINI KARATASI IMEPANDA THAMANI

Katika miaka ya 1970 na 1980 hoteli kubwa za Serengeti, kama vile Seronera na Lobo, zilikuwa mali ya umma, na wahitimu wengi wa vyuo vya serikali walipangiwa vituo vya kazi. Mhitimu alisubiri barua. Kuanzia miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, hoteli za umma zikabinafsishwa na wawekezaji wakajenga hoteli na kambi zao ndani ya Hifadhi na kandokando yake. Leo kila mwajiri hujichagulia mwenyewe, na kwa kawaida huanza kuchagua kwa kusoma karatasi kabla ya kuona sura ya mtu.

Wauzaji nao wameongezeka. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. VETA ina chuo chake cha hoteli na utalii huko Njiro, Arusha. Kuna pia vyuo binafsi vingi. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya ina Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975, ambacho wahitimu wake wanajulikana katika hoteli za Afrika Mashariki yote. Ni kweli kwamba Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka asiye raia kuwa na kibali cha kazi, na hilo ni kinga kwa kijana wa Tarime. Lakini kinga hiyo haimsaidii yule ambaye karatasi yake haionyeshi anachoweza kufanya.

HESABU YA MZAZI

Tuchukue mfano tu wa hesabu. Mzazi analipa ada ya Sh 1,200,000 kwa mwaka, na Sh 800,000 nyingine kwa chumba, chakula na nauli. Jumla ni Sh 2,000,000. Mwanafunzi akikosa nafasi nzuri ya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, atamaliza chuo bila mtu wa hoteli anayemfahamu, na huenda akakaa nyumbani msimu mzima. Kama mshahara wa kuanzia ungekuwa Sh 250,000 kwa mwezi, miezi 6 ya kusubiri ni hasara ya Sh 1,500,000, robo tatu ya gharama za mwaka mzima. Kila mzazi aweke tarakimu zake mwenyewe, lakini njia ya kukokotoa ni hiyohiyo. Ukurasa ulioandikwa hovyo una bei.

KASORO YA STESHENARI

Si siri kwamba katika maduka mengi ya steshenari kuna wasifu mmoja ndani ya kompyuta, na kazi ya mchapaji ni kubadilisha jina na tarehe ya kuzaliwa. Matokeo yake, meneja wa hoteli hupokea karatasi kadhaa zenye sentensi zilezile. Wote ni wachapakazi, wote ni wabunifu, wote wanajituma bila kusimamiwa, na wote wanapenda kusoma vitabu na kutazama mpira. Meneja hawezi kutofautisha mmoja na mwingine, kwa hiyo huziweka zote kando.

Kasoro hii hujitokeza tena siku ya usaili. Karatasi nyingi za hoteli huandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo inavyotakiwa kwa kuwa wageni wengi wa mbugani hutoka nje. Lakini mwanafunzi aliyenakili Kiingereza cha mtu mwingine hushindwa kukieleza anapoulizwa. Dawa yake ni rahisi. Aandike kwanza kwa Kiswahili yale anayoyajua, ndipo ayageuze yeye mwenyewe kwa Kiingereza chepesi, na mwalimu asahihishe. Sentensi fupi anayoweza kuitetea ina faida kuliko sentensi ya kifahari itakayomwaibisha.

Kanuni ya somo hili ni ile ya leja. Katika leja huandiki mauzo ambayo huna risiti yake. Vivyo hivyo, kila mstari wa wasifu uwe na risiti, yaani mahali, muda, kiasi cha kazi, au mtu anayeweza kupigiwa simu akathibitisha. Neno "mchapakazi" halina risiti. "Nilifungua mgahawa saa 11 alfajiri kwa likizo nzima" lina risiti.

MALI ILIYOMO GHALANI

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hukata tamaa. Husema hawana uzoefu, kisha huacha nafasi hiyo wazi au huijaza uongo. Ukweli ni kwamba mtoto wa mfanyabiashara wa Tarime ana mali nyingi ghalani ambayo hajaihesabu.

Mwanafunzi aliyelelewa katika nyumba ya kulala wageni ameshafanya kazi za mapokezi, usafi wa vyumba na hesabu. Asiandike "nina uzoefu katika sekta ya utalii". Aandike hivi:

"Gesti ya familia, Turwa, Tarime. Likizo za 2023 na 2024. Kupokea wageni na kujaza kitabu cha wageni. Kutandika na kusafisha vyumba 8. Kupokea fedha taslimu na malipo ya simu, na kufunga hesabu kila jioni."

Aliyemsaidia mama yake kwenye mgahawa karibu na stendi asiandike "ninajua kupika". Aandike:

"Mgahawa wa familia, stendi ya Tarime. Likizo ya Desemba 2024. Kuandaa chai na vitafunwa kuanzia saa 11 alfajiri. Kuhudumia meza 6. Kununua mahitaji sokoni na kutunza daftari la matumizi."

Mifano hii miwili haikuongeza chumvi hata kidogo. Imetaja mahali, muda na idadi. Meneja wa kambi iliyoko mbali na mji akiisoma ataona mtu anayeamka mapema, anayeaminika na fedha, na asiyeona haya kushika fagio.

Lugha nazo ni mali. Vijana wengi wa mpakani wanasema Kikuria, Kiswahili na Kiingereza, na wengine Kijaluo. Ziorodheshwe zote, kila moja na kiwango chake cha kweli: "naongea na kuandika vizuri", "naongea kwa kadiri", "nasikia tu". Anayejua salamu tano za Kifaransa asijiite msemaji wa Kifaransa. Mgeni wa kwanza kutoka Paris atamuumbua, na meneja atatilia shaka hata yale mengine yaliyo ya kweli.

MPANGILIO WA UKURASA

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukurasa mmoja unatosha. Mpangilio ufuatao unafaa:

1. Jina, mji anaokaa, namba ya simu inayopatikana na barua pepe yenye jina lake halisi. Barua pepe zenye majina ya utani ziachwe kwa marafiki.

2. Anachotafuta, kwa mstari mmoja: idara na tarehe. Kwa mfano, "Nafasi ya mafunzo kwa vitendo, idara ya usafi wa vyumba au mapokezi, kuanzia Julai hadi Septemba". Meneja hupanga watu kwa idara na kwa tarehe, na anayesema "kazi yoyote" humwachia meneja kazi ya kumpangia.

3. Masomo: chuo, ngazi na masomo aliyokwisha kuyafanya hadi sasa. Kama amejifunza usafi wa chakula na huduma ya mezani, ayataje. Kozi ambayo bado hajaisoma isiandikwe.

4. Kazi alizofanya, kuanzia ya karibuni, zikiwemo za familia na za kujitolea kanisani, msikitini au katika sherehe. Kupakua chakula cha watu 200 harusini ni kazi ya hoteli.

5. Lugha na ujuzi mwingine, kama vile kompyuta na leseni ya udereva.

6. Wadhamini wawili au watatu walioombwa ruhusa kwanza. Baba au mama mwenye gesti asiwe mdhamini wa mwanawe. Afadhali mwalimu, mwenyekiti wa mtaa, au mteja wa kudumu aliyemwona kijana akifanya kazi.

Kuna vitu vya kuacha. Kabila, dini na hali ya ndoa havina kazi kwenye ukurasa huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama hiyo, hivyo hakuna sababu ya kumpa mtu nafasi ya kuitumia. Namba ya kitambulisho cha Taifa nayo itolewe baada ya kupata kazi, isisambazwe kwenye kila ofisi. Na yeyote anayedai fedha ili "aisukume" karatasi ndani ya hoteli aepukwe kama noti bandia.

SOKO HILI LINA MSIMU

Mwenye kununua mahindi anajua mwezi wa kuvuna. Ajira za mbugani nazo zina miezi yake. Kaskazini mwa Serengeti, upande wa Kogatende na Lamai, wageni hujaa kati ya Julai na Oktoba, wakati nyumbu wanapovuka Mto Mara. Aprili na Mei ni masika. Barabara huharibika, wageni hupungua, na baadhi ya kambi hufungwa kwa muda au hupunguza shughuli.

Kwa hiyo anayepeleka karatasi yake Agosti hukuta meneja hana hata muda wa kuifungua bahasha, na nafasi zilishajaa. Anayeipeleka kati ya Februari na Mei humkuta akipanga watu wa msimu ujao. Na kwa kuwa hoteli hizi ziko mbali, mstari mmoja wa kweli unaosema "niko tayari kukaa kambini kwa wiki kadhaa mfululizo" unaweza kuwa na uzito kuliko aya nzima ya sifa.

WAJIBU WA MWENYE GESTI

Wawekezaji wadogo wa Tarime na Mugumu wana nafasi yao katika biashara hii. Mwenye nyumba ya vyumba 10 anayempokea mwanafunzi kwa wiki 6 anapata mikono ya kazi. Malipo ya haki ni nauli, chakula na barua. Barua hiyo itaje tarehe, kazi alizofanya mwanafunzi na jambo moja alilolifanya vizuri, iwe na saini, mhuri na simu. Kwa aliyeajiriwa rasmi jambo hili si hisani tu. Sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi hati ya utumishi kazi inapokoma.

Naye mwajiri anafaidika. Wenye hoteli huzungumza, na gesti inayotoa vijana walioiva hupata jina. Lakini mwenye gesti anayetoa barua ya uongo kwa mtoto wa rafiki yake anaharibu barua zote atakazotoa baadaye, kama mfanyabiashara aliyeweka mawe chini ya gunia mara moja tu.

JIONI MOJA INATOSHA

Mzazi ambaye hajui Kiingereza wala mambo ya hoteli bado anaweza kuukagua wasifu wa mwanawe, kwa sababu anajua kukagua hesabu. Amwambie kijana asome mstari mmoja mmoja kwa Kiswahili. Katika kila mstari aulize maswali matatu: wapi, lini, na nani aliona? Mstari usio na jibu ufutwe. Kisha aulize swali la nne, ambalo wengi husahau: ni kazi gani uliyoifanya hapa nyumbani ambayo hukuiandika?

Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakalojaza nusu ya ukurasa iliyokuwa tupu.