Dondoo muhimu: Kupanga chakula cha wageni wa jioni

• Uliza kabla ya kwenda sokoni. Nani hali nyama? Nani hudhurika na karanga au kamba? Nani anapunguza chumvi au sukari?

• Chagua chakula kikuu kimoja. Pilau ya nyama inajitosheleza; kachumbari, ndizi mbivu na pilipili ya kusaga vinatosha pembeni. Hakuna haja ya kuongeza biriani.

• Kadiria mchele. Kilo 1 hutosha watu 8 hadi 10, hasa kukiwa na vitafunio.

• Usirudie ladha. Ukipika samaki wa kupaka, mboga isiwe ya nazi tena. Mchicha uliokaangwa kwa kitunguu na kukamuliwa ndimu utakata mafuta ya tui.

• Tanguliza yanayowezekana. Funga sambusa asubuhi, uzikaange wageni wakishafika. Mchuzi wa nazi upike kwa tui jepesi, kisha tui zito litie jioni unapoupasha, kwa moto mdogo huku ukikoroga ili lisikatike. Chapati zifunge kwa kitambaa ndani ya hotipoti.

• Hesabu majiko. Kama una majiko mawili tu, usipange vyakula vitatu vinavyotaka moto wa dakika za mwisho.

• Pishi jipya lijaribu siku nyingine. Wageni wapikie unachokimudu.

• Malizia kwa kitu chepesi. Papai lenye ndimu, maembe ya msimu, au kahawa chungu na kashata.