Umeme Utokao Katika Mitetemo: Reli ya Mpanda na Mashine ya Kusaga

Mtu aishiye kandokando ya reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda huijua treni kabla ya kuiona. Vikombe hugongana kabatini, maji ya mtungini hufanya viwimbi, na vumbi hudondoka kutoka darini. Behewa la mwisho likisha kupita, nyumba hutulia na nishati yote ile iliyoitikisa huwa imepotea ardhini kama joto dogo lisilopimika kwa mkono. Je, haiwezekani kuikamata na kuigeuza kuwa umeme?

Swali hili lina uzito wake. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka mashine za dizeli zisizounganishwa na gridi ya taifa, na dizeli hiyo ilisafirishwa mbali sana kabla ya kumiminwa tangini. Mahali palipo na historia kama hiyo, habari ya umeme utokao bure ardhini husikilizwa kwa makini, na wakati mwingine huaminiwa kupita kiasi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtetemo unavyoweza kuzaa umeme, kisha kufanya hesabu ili msomaji aone mwenyewe ni kiasi gani.

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutokeza chaji za umeme kwenye nyuso zake. Miongoni mwa walizozipima zilikuwamo kwatzi, tumalini, na hata sukari ya miwa. Chumvi ya mezani haina tabia hiyo. Tofauti yao imo katika mpangilio wa atomu. Katika fuwele ya chumvi, chembe zenye chaji chanya na zile zenye chaji hasi zimepangwa kwa ulinganifu kamili, hata ukiibana fuwele hiyo, kitovu cha chanya na kitovu cha hasi hubaki mahali pamoja. Katika kwatzi ulinganifu huo haupo. Fuwele ikibanwa, vitovu hivyo viwili huachana kidogo, upande mmoja ukawa chanya na wa pili hasi. Ukiiachia, chaji hutoweka. Ukiivuta, pande hubadilishana. Tabia hii huitwa piezoelektriki.

Wachimbaji wa dhahabu wa Mpanda wanaifahamu sana kwatzi, kwa maana ndiyo mwamba mweupe ambamo dhahabu hufuatwa. Basi kwa nini kilima chenye kwatzi hakitoi umeme kinapolemewa na uzito wake chenyewe? Kwanza, chaji hutokea pale tu kani inapobadilika, nao uzito wa kilima haubadiliki. Pili, ndani ya mwamba fuwele zimeelekea kila upande, hii ikifuta chaji ya ile. Kinachohitajika ni fuwele moja iliyokatwa kwa mwelekeo maalumu, kama ile iliyomo ndani ya saa ya mkononi.

Hata hivyo kwatzi ni bahili. Kani ya nyutoni 1 huitoa chaji ya pikokulombi 2.3 tu, na pikokulombi moja ni sehemu moja ya milioni ya milioni ya kulombi. Kwa ajili hiyo wahandisi walitafuta vitu vingine. Katika miaka ya 1950 ilitengenezwa kauri ya risasi, zirkoni na titani, ambayo hutoa pikokulombi 300 hadi 600 kwa kila nyutoni. Mwaka 1969 Heiji Kawai wa Japani alionyesha kwamba aina fulani ya plastiki yenye florini, ikivutwa na kutiwa katika uga mkali wa umeme, nayo huwa na tabia hiyo. Plastiki hiyo hutoa chaji ndogo kuliko kauri, kiasi cha pikokulombi 20 hadi 30, lakini yaweza kufanywa utando mwembamba upindikao bila kuvunjika.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa kauri hiyo ni risasi. Reli ya Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950, ilijengwa hasa kwa sababu ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, ambao ulisimama mwaka 1960. Madini yaliyoileta reli ndiyo hasa yaliyomo katika kauri iwezayo kuusikiliza mtetemo wa reli hiyo. Sisemi kwamba risasi ya Mpanda iliingia katika kauri yoyote. Nasema tu kwamba uhusiano huu unapendeza kuufikiria. Lisilopendeza ni kwamba risasi ni sumu. Kauri hii isisagwe, isichomwe motoni, wala isiachwe mikononi mwa watoto.

Sasa tufanye hesabu. Chukua kisahani cha kauri chenye kutoa pikokulombi 400 kwa nyutoni, na uwezo wa kuhifadhi chaji wa nanofaradi 10. Mtu wa kilo 70 akikikanyaga, kani yake ni kama nyutoni 700, na chaji itokayo ni nanokulombi 280. Volteji ni 28, jambo la kutia moyo. Lakini nishati, ipimwayo kwa juli, ni nusu ya chaji mara volteji, yaani mikrojuli 4 hivi. Kuwasha taa ndogo ya wati 1 kwa sekunde moja kwahitaji juli 1. Kwa hiyo kisahani hicho kingepaswa kukanyagwa mara 250,000. Ndiyo maana kiberiti cha gesi cha kubonyeza hutoa cheche ya maelfu ya volti lakini hakiwezi kumdhuru mtu. Volteji ni kubwa, nishati ni kidogo mno.

Kukanyaga moja kwa moja, basi, si njia nzuri. Njia iliyo bora ni kupinda. Utando wa kauri au wa plastiki hugandishwa juu ya bapa jembamba la chuma, ncha moja ikafungwa imara na nyingine ikaachwa huru na kuwekewa uzito mdogo. Kifaa kizima kikitikiswa, uzito ule huyumba, bapa hupinda juu na chini, na utando hunyooka na kusinyaa. Kila bapa lina mwendo wake wa asili, kama pembea ya mtoto. Anayeisukuma pembea kwa kufuata mwendo wake huiinua juu kwa kidole kimoja, na anayeisukuma ovyo huchoka bure. Mtetemo wa mashine ukilingana na mwendo wa asili wa bapa, uzito huyumba mara nyingi zaidi ya mashine yenyewe.

Tuseme tunakifunga kifaa hiki kwenye kitako cha injini ya dizeli iendeshayo mashine ya kusaga mahindi, na injini hiyo yazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Uzito wa ncha uwe gramu 20, mchapuko wa mtetemo uwe mita 2 kwa sekunde kwa sekunde, na msuguano wa bapa uwe wa kawaida. Hesabu za mekanika zatupa miliwati 1.6, uzito ukiyumba milimita 1 kila upande. Ni kidogo. Lakini mashine ya kusaga haipigi mara moja ikanyamaza. Ikifanya kazi saa 8, kifaa hukusanya juli 46. Tukikata nusu kwa hasara za diodi na kapasita, tunabaki na juli 23.

Juli 23 zafaa nini? Si kwa taa, wala si kwa redio ya kusikiliza habari. Lakini viko leo vifaa vidogo vya kupimia joto au mtikisiko, viitwavyo vihisi, ambavyo vikilala hutumia mikrowati 10 tu. Kulala mchana kutwa na usiku kucha kwagharimu juli 0.9. Kutuma ujumbe mmoja mfupi kwa mawimbi ya redio, kwa nguvu ya miliwati 100 na kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde, kwagharimu juli 0.01. Basi kihisi kilichofungwa kwenye beringi ya mashine chaweza kutoa taarifa ya joto lake kila dakika siku nzima, bila betri ya kubadilisha, na nishati ikasalia. Beringi ianzayo kupata moto ikijulikana mapema, mashine husimamishwa kabla shafti haijakatika. Katika kijiji ambacho kipuri chake hutoka Mpanda mjini au Tabora, siku hizo za kungoja ndizo siku watu hutwanga kwa mkono. Hali ni hiyo hiyo kwa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, yatetemekayo tangu asubuhi hadi jioni.

Turudi kwenye treni iliyotuanzisha. Treni ya mita 300 ikienda kilometa 40 kwa saa hupita mahali pamoja kwa sekunde 27. Hata tukikipa kifaa ukarimu wa miliwati 5 kwa muda wote huo, na zaidi ya hapo mtetemo wa reli ni wa mchanganyiko usiofuata mwendo mmoja, tunapata juli 0.14, na baada ya hasara, 0.07. Treni mbili kwa siku zatoa juli 0.14. Kihisi kinahitaji 0.9 kwa kulala tu! Treni kwa kishindo chake chote yashindwa na mashine ya kusaga, kwa kuwa reli ya Mpanda hunyamaza karibu siku nzima. Anayetaka kuvuna mtetemo ahesabu kwanza saa zake.

Si kwamba utando hauna kazi relini. Kwenye daraja, kama lile la mto Ugalla, unaweza kufanya kazi ya kengele. Chaji itokayo treni ikipita yatosha kabisa kukiamsha kihisi kilicholala, kikapima jinsi daraja linavyoitikia uzito, kisha kikalala tena. Chakula chake na kitoke kwenye kipande kidogo cha sola. Jua la Katavi lipo. Paneli ya wati 10 ikipata jua kali saa 4 hukusanya juli 144,000, na mwenye akili hatashindana nalo. Mtetemo una nafasi yake pale ambapo jua halifiki: ndani ya kifuniko cha mashine, chini ya sakafu ya kinu, katika shimo la mgodi.

Msomaji anayetaka kujaribu ajihadhari na mambo mawili. Kauri hupoteza tabia yake ikipashwa moto mkali, hivyo isifungwe karibu na bomba la moshi. Na mlingano wa mwendo ni mkali: injini iliyopangiwa mizunguko 1,500 ikishuka hadi 1,400 kwa sababu mahindi ni mengi, nguvu ya kifaa hushuka hadi robo. Ili kuujua mwendo wa mashine bila chombo cha bei, chukua ubapa wa msumeno wa chuma, uubane kwa skrubu kwenye kitako cha injini, na uurefushe na kuufupisha kidogo kidogo mpaka ncha yake iyumbe kuliko popote. Kwa injini ya mizunguko 1,500, urefu wa sehemu iliyo huru utakuwa karibu na sentimita 15. Ukiongeza nati kwenye ncha, itabidi uufupishe tena.