Goti Likiumia, Lazima Upasuliwe?

Mwaka jana, kwenye mechi ya netiboli kati ya kitivo chetu na watu wa Sheria, niliruka kudaka mpira nikatua kwa mguu mmoja huku mwili unageuka. Nikasikia "pwa!" ndani ya goti. Hakuna aliyenigusa. Jioni lilikuwa limevimba kama nazi, na wenzangu wa hosteli walishachemsha maji ya kunikanda. Zilikuwa zimebaki wiki kumi niende kwenye mazoezi ya kufundisha.

Kila mtu alikuwa na jibu. Kocha: "Bila upasuaji, netiboli basi." Mama kwenye simu: "Mwanangu, usikubali wakukate." Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, nikapewa dawa za maumivu nikarudi chumbani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba eksirei haionyeshi ligamenti. Kinachoionyesha ni kipimo cha MRI.

Kwa kuwa nasomea ualimu, acha nilipange jambo hili kama somo. Maswali ni manne.

Kwanza, ni ligamenti ipi? Goti lina nne kuu: mbili pembeni, na mbili katikati zilizopishana kama herufi X. Ile ya pembeni, upande unaotazama goti la pili, mara nyingi hupona bila kupasuliwa. Ya katikati kwa mbele, ambayo wachezaji tunaiita ACL, ikikatika kabisa mara nyingi haijiungi vizuri. Lakini hapa ndipo wengi tunakosea: ligamenti kutojiunga si sawa na goti kutofanya kazi. Misuli ya paja ikiimarishwa inaweza kulishikilia goti kwa kiasi kikubwa.

Pili, imeumia peke yake? Kati ya mfupa wa paja na muundi kuna vipande viwili vya gegedu, yaani meniska, vinavyopokea uzito kama kata chini ya ndoo. Goti likikwama likagoma kunyooka, huenda meniska imechanika, na hilo si la kusubiri. Zikikatika ligamenti kadhaa kwa pamoja, upasuaji unapata uzito zaidi.

Tatu, goti linakuacha? Siongelei maumivu. Naongelea unashuka ngazi, goti linaachia ghafla. Kila likiachia, linaweza kuchana meniska.

Nne, unataka kulifanyia nini? Kutembea, kupanda ngazi na kukimbia moja kwa moja ni tofauti na netiboli, soka au kikapu, ambako unageuka ghafla muda wote.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Sweden kwa vijana 121 waliokatika ACL. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. La pili, lenye watu 59, lilianza na mazoezi tu, kwa ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili hali ya magoti ililingana, na katika wale 59, waliokuwa wamepasuliwa ACL ni 23. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watu 316 walioumia muda mrefu na magoti yao bado yanawaachia. Hao, upasuaji uliwasaidia zaidi. Tafiti hizi hazigombani. Zinarudi kwenye swali la tatu.

Mimi MRI ilionyesha ACL imekatika, meniska nzima. Nikakubaliana na daktari: miezi mitatu ya mazoezi, kisha tuamue. Sehemu ya boom ikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na ngazi za hosteli zikawa uwanja wangu wa mazoezi. Kiukweli yalichosha. Lakini nilienda kufundisha, nikasimama darasani vipindi vyote, na goti halikuniacha hata siku moja. Sikupasuliwa. Netiboli nimeiweka pembeni, na sitadanganya, bado inaniuma nikisikia filimbi uwanjani.

Mwenzangu wa timu alipata jeraha hilohilo na akafanya mazoezi yaleyale. Goti lake likamwacha mara mbili akishuka daladala. Akapasuliwa. Sasa yuko mwezi wa saba wa mazoezi, na daktari amemkataza kucheza kabla ya miezi tisa kuisha. Yeye hakukosea, na mimi sikukosea.

Kwa hiyo ukiumia, siku za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, maji ya moto yaache. Ukikutana na daktari, usianze na "nipasuliwe?" Muulize ipi imekatika, kuna kingine kilichochanika, na mwambie ukweli kama linakuacha na unataka kurudi kufanya nini. Halafu jiandae kwa mazoezi. Upasuliwe usipasuliwe, hayo huyakwepi.