Kwenda Kusikiliza Bungeni

Vikundi vingine vyatuuliza: je, mwananchi wa kawaida aweza kuingia Bungeni Nairobi? Ndiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 118, yataka vikao viwe wazi, na Spika hawezi kuwafungia watu nje ila kwa sababu maalum.

Chukueni vitambulisho, mvae nguo za heshima. Vikao vya alasiri huanza saa nane u nusu, Jumanne hadi Alhamisi. Fikeni mapema, maana langoni kuna kukaguliwa. Mtaketi galari ya umma.

Hapo ndipo penye kazi. Hata mkisikia mambo ya shamba lenu yanasemwa visivyo, hakuna kupiga makofi, kuguna wala kumwita mheshimiwa wenu. Simu na kamera, hapana. Mkifanya kelele mtatolewa, na safari yote itakuwa bure. (Sisi twaona ni kali kidogo kwa mama aliyesafiri usiku kucha, lakini ndivyo ilivyo.)

Basi mtasemea wapi? Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Liandikeni, mtie sahihi, mkalipeleke kwa Karani wa Bunge, au mbunge wenu aliwasilishe.