KUPIGA PICHA ZA MTAANI UNAPOTEMBELEA MJI

Zamani mtu wa kijijini akienda mjini alirudi na mkate, kanga na habari. Habari zenyewe alizisimulia kwa mdomo, na kila aliposimulia zilizidi kunenepa. Siku hizi anarudi na picha ndani ya simu. Anakaa barazani, watoto wanamzunguka, anawaonyesha: hili ni ghorofa, huyu ni mimi mbele ya ghorofa, huyu ni mimi mbele ya basi. Picha 40, na zote ni yeye.

Si vibaya. Lakini tumeona kwamba watoto wakishatazama picha ya tatu huanza kuondoka mmoja mmoja. Ikitokea picha moja ya mtu anayefanya jambo, labda mpagazi anayesukuma mkokoteni au kinyozi aliyetundika kioo chake mtini, wanarudi mbio. Wanauliza: Huyu nani? Anafanya nini? Mbona amekunja uso?

Picha za namna hii huitwa picha za mtaani. Ni picha za maisha ya watu barabarani, sokoni na kituoni, bila kupangwa. Mpiga picha hasemi, "Simameni sawasawa, chekeni." Anatembea, anatazama, anangoja, kisha anapiga. Ni starehe kubwa kwa msafiri, na haihitaji fedha nyingi. Simu yenye kamera inatosha.

Babu zetu hawakupigwa picha hivyo. Wao walikwenda studio. Kule Zanzibar, Bwana Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na watu wengi wa visiwani walipita mbele ya kamera yake. Mtu alivaa nguo yake nzuri, akakalishwa kitini, akaambiwa asitikisike. Ndiyo maana katika nyumba nyingi ipo picha ya babu ukutani, mikono magotini, macho ameyakaza kama mtu anayesomewa hukumu. Babu huyo huenda alikuwa mcheshi kuliko wote kijijini! Picha haisemi.

Kamera ndogo ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1925 Wajerumani walianza kuuza kamera iitwayo Leica, ambayo mtu aliweza kutembea nayo mkononi na kupiga picha 36 kwa filamu moja. Kijana mmoja wa Ufaransa, Henri Cartier-Bresson, aliipata ya kwake mwaka 1932. Alifunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili watu wasiigundue upesi.

Na hapa kuna jambo la kutufurahisha sisi. Kabla ya hapo, Cartier-Bresson alikuwa amejifunza uchoraji. Siku moja aliona picha iliyopigwa na Martin Munkácsi, Mhungaria. Ndani yake wavulana watatu Waafrika, uchi, wanakimbilia kwenye mawimbi. Picha hiyo inajulikana kwa jina la Wavulana Watatu, Ziwa Tanganyika. Cartier-Bresson alieleza baadaye kwamba picha hiyo ndiyo iliyomsukuma kushika kamera. Mwaka huohuo wa 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, aliingiza kamera kwenye upenyo wa uzio. Akampiga mtu anayeruka dimbwi la maji, kisigino kimebaki kidogo tu kugusa maji. Angechelewa kufumba na kufumbua, angepata picha ya mtu aliyelowa. Picha hiyo imesifiwa dunia nzima. Mtu yule aliyeruka hakujulikana jina.

Basi tuje kwetu. Mwezi Agosti 2024 tulisafiri na wahitimu watatu wa darasa la kisomo, kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Tulipanda treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili mwezi Juni mwaka huo. Wenzetu walianza kupiga picha dirishani hata kabla hatujatulia vitini. Walipozitazama, loo! Miti yote ilikuwa mistari. Milima ya Uluguru kwa mbali ilitoka vizuri kabisa.

Sababu yake ni hii. Treni ile hufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kamera hufungua jicho lake kwa muda mfupi sana, lakini hata katika muda huo mti ulio karibu umekwisha kupita. Mlima ulio mbali unaonekana kana kwamba umesimama. Kwa hiyo ukiwa kwenye chombo kinachokwenda kasi, piga vitu vya mbali, au piga watu waliomo ndani pamoja nawe. Mama mmoja alikuwa amelala huku ameshika ndoo yake kwa mikono miwili, eti isije ikaibwa. Hiyo ingekuwa picha. Lakini alikuwa amelala, na mtu aliyelala hawezi kukubali wala kukataa. Tulimwacha.

Dar es Salaam tulitembea kwa miguu. Anayepita ndani ya daladala anaona vichwa vya watu tu. Tulianza Kariakoo asubuhi. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kiitwacho Carrier Corps. Wenyeji walilitamka walivyoweza. Soko lake kubwa lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa mwaka 1975, na likaungua moto mwezi Julai 2021. Mengi ya kupiga picha, hata hivyo, yako mitaa ya pembeni: vitambaa vilivyoning'inizwa, wachuuzi, vijana wenye mikokoteni wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!"

Hapo wenzetu walikwama. Walisema, "Mwalimu, vitu ni vingi mno, tupige kipi?" Tukawaambia wasimame mahali pamoja pa kivuli, simu mifukoni, wahesabu mpaka mia mbili huku wakitazama tu. Walipofika hamsini hivi walianza kuguswana. "Tazama yule anavyopanga nyanya." "Tazama yule mtoto anavyomwiga baba yake kutembea." Mpiga picha wa mtaani hufanya hivyo. Anachagua mahali penye mwanga mzuri, anangoja watu wapite. Hawafukuzi.

Kuhusu mwanga, saa nzuri ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi jua linapozama. Saa 6 mchana jua liko utosini, na mtu aliyevaa kofia atatoka uso wote giza. Sisi watu weusi tunaonewa zaidi na jambo hili. Ukimpiga mtu mweusi na nyuma yake kuna anga jeupe, kamera inapima lile anga, na uso unakuwa kama kaa. Dawa yake ni rahisi: gusa uso wa mtu huyo kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, nayo simu itapima mwanga wa uso. Au mtafute aliye kivulini, karibu na ukuta uliopigwa na jua. Na ukitaka kumwona mtu kwa ukubwa, usivute picha kwa vidole, maana inachujuka. Nenda karibu kwa miguu yako.

Hilo la kwenda karibu ndilo lenye mashaka, nasi lilitukuta.

Siku ya pili tulikwenda Feri, kwenye soko la samaki. Tuseme kwanza kwamba Ikulu ya Dar es Salaam iko jirani kabisa na soko hilo. Elekeza kamera sokoni na baharini tu. Ikulu, kambi za jeshi, magereza na vituo vya polisi si mahali pa kupiga picha. Ukiona askari, muulize kabla, si baada.

Asubuhi Feri kuna mnada, kuna kelele, kuna moshi wa samaki wanaokaangwa. Ndani ya moshi ule tulimwona mama mmoja akigeuza samaki kwenye karai kubwa. Jua lilipenya kupitia matundu ya bati, likaukata moshi vipande vipande. Jasho lilimtoka. Alikuwa anacheka na mtu tusiyemwona. Tulisogea hatua tatu, tukapiga. Tulipiga sisi wenyewe, mwalimu, si wanafunzi.

Akaona. Kicheko kikakatika. "Nyie! Mmeomba ruhusa kwa nani?"

Watu wakageuka. Tulianza kueleza mambo ya somo na elimu ya watu wazima, maneno mengi yasiyo na faida. Mzee mmoja katika wanafunzi wetu akatupita, akasimama mbele ya karai. Yule mama, pamoja na hasira zake, alimwamkia: "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Tumekosa, tusamehe."

Hapo ndipo alipotueleza. Mwaka mmoja kabla, mtu alimpiga picha akiwa kazini, kanga imemtoka begani, uso una masizi. Picha hiyo ikazunguka kwenye simu za watu ikiwa na maneno ya kumcheka. Ikamfikia mtoto wake shuleni kabla haijamfikia mwenyewe. Mtoto akakataa kwenda shule siku nne. "Mimi nakaanga samaki asome," alisema, "halafu samaki hao hao wamfanye aone haya?"

Tulimpa simu. Akaitazama ile picha kwa muda. Kisha tukaifuta mbele ya macho yake, tukamwonyesha na pale simu inapoweka picha zilizofutwa, tukafuta hapo pia. Wengi hawajui kwamba simu nyingi huhifadhi picha iliyofutwa kwa siku kadhaa. Ukisema umefuta, futa kote.

Tulidhani mambo yamekwisha. Lakini tulipokuwa tunaondoka alituita. "Basi nipigeni nikiwa tayari." Akaosha mikono na uso, akafunga kanga upya, akasimama wima kando ya karai, mdomo ameufumba. Tukapiga. Alisimama kama yule babu wa studio.

Tuseme kweli: ile tuliyofuta ilikuwa picha nzuri zaidi. Mpaka leo tunaiona kichwani, ule moshi na kile kicheko. Wapo wapiga picha watakaosema kwamba tulikosea kuifuta, kwa sababu barabara ni ya wote na anayeomba ruhusa anaua picha kabla haijazaliwa. Cartier-Bresson hakumwomba ruhusa mtu wa dimbwini, na hakuwa na nafasi ya kumwomba. Sisi tunaona hivi. Umati wa watu, migongo, vivuli, mtu mdogo kwa mbali, hivyo piga. Ukisogea hata uso wa mtu ukajaa kwenye kioo, huyo sasa ni mwenzako katika picha. Kama huwezi kuomba kabla, omba mara tu baada ya kupiga, na akikataa futa. Watoto, waulize wazazi wao. Mgonjwa, mlevi, aliyepata ajali, waache. Kumbuka pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha inayomtambulisha mtu si kitu cha kurushwa ovyo.

Limebaki jambo moja, nalo linakuhusu wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani. Andika habari za picha yako.

Huko Marekani aliishi mwanamke aitwaye Vivian Maier, aliyezaliwa mwaka 1926. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu, miaka mingi katika mji wa Chicago. Saa zake za mapumziko alitembea mitaani na kamera ambayo hushikwa usawa wa kifua na kutazamwa kwa juu, hivyo watu hawakumwona akiinua kitu usoni. Alipiga picha zaidi ya 100,000. Karibu zote hakumwonyesha mtu, na filamu nyingine hakuzisafisha kabisa. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa ghalani viliuzwa mnadani kwa sababu kodi haikulipwa. Walionunua masanduku wakakuta picha. Yeye alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijalijua jina lake. Leo picha hizo huonyeshwa katika miji mikubwa, na watu wanahangaika kutafuta: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa lini?

Sisi tulisafisha picha ya Feri kwenye karatasi, nakala mbili. Nyuma tukaandika: "Muuza samaki, Feri, Dar es Salaam, Agosti 2024." Tulipopata safari nyingine tukampelekea ya kwake. Aliitazama, akaridhika, akaigeuza nyuma. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Na jina langu je?"

Tukaazima kalamu kwa karani wa mnada. Hakutaka tumwandikie. Aliandika mwenyewe, akiegemeza picha kwenye ubao wa kukatia samaki, na karatasi ikapata mafuta kidogo pembeni. Nakala yetu tukaiandika kwa kufuata yake.

ZOEZI. Tafuta picha moja ya zamani nyumbani kwako, ile ya ukutani au ya kwenye sanduku. Mwulize mtu mzima wa nyumba hiyo ni nani waliomo, ilipigwa wapi, mwaka gani, na nani alikuwa anacheka kabla hawajaambiwa wanyamaze. Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli, polepole, usikandamize hata maandishi yakatokeza mbele. Ukisafiri safari ijayo, beba penseli hiyo pamoja na simu.